Safari ya Wakati katika Hadithi za Vijana: Kanuni Tatu Zinazomaliza Ubishi

Filamu ya watu wanaorudi nyuma ya wakati ikionyeshwa katika vibanda vya video vya Kampala au Mbale, ubishi huanza kabla haijafika mwisho. VJ anatafsiri mbio mbio na kueleza nani ni nani, lakini maswali yanamzidi. Huyu si alikufa? Kama baba ameokolewa, kijana atakuwa na sababu gani ya kurudi kumwokoa? Mbona sasa wako wawili? Maswali hayohayo yamo shuleni, ambako riwaya za aina hii hupokezanwa mpaka jalada linang'oka, na ambako wanafunzi wa S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, waliopata Kiswahili kuwa somo la lazima katika mtaala ulioanza mwaka 2020, wanatunga hadithi zao wenyewe. Wengi huishia kusema kwamba hizi ni hadithi za watu waliosoma fizikia. Fizikia haina hatia hapa. Mara nyingi msomaji huchanganyikiwa kwa sababu hajui hadithi inafuata kanuni gani, na wakati mwingine mwandishi mwenyewe ameanza na kanuni moja akamalizia na nyingine.

Tuyaweke maneno sawa kwanza. Safari ya wakati ni pale mhusika anapohama kutoka tarehe moja hadi nyingine bila kuziishi siku zilizo katikati, na anafika na mwili wake. Anaweza kuguswa, kuona njaa, kuugua, kuvunja chungu cha mtu. Ndoto haimo, wala kumbukumbu, wala mzee anayesimulia ya zamani, wala nabii anayeona yajayo. Hao wote miili yao imebaki ilipo. Hadithi za vijana ni zile zinazoandikwa kwa wasomaji wa miaka 12 hadi 18 hivi, mhusika mkuu akiwa wa rika hilo na akiamua mambo makubwa mwenyewe. Na kitendawili, kwa maana ya makala haya, ni tukio linalojifuta: likitokea, linaondoa sababu ya kutokea kwake.

Mbele hakuna ugomvi

Kwenda mbele hakuleti kitendawili chochote. Wasomaji wengi wa Kiswahili wanaifahamu safari ya namna hiyo kupitia vijana wa pangoni, wanaotajwa katika sura ya 18 ya Qurani na katika masimulizi ya Kikristo ya walalaji saba wa Efeso. Wanaamka wakidhani wamelala siku moja au sehemu ya siku, kumbe imepita miaka 300 na kuongezwa 9. Wanamtuma mmoja wao mjini na fedha akanunue chakula, na kwa masimulizi ya wafasiri, sarafu ya mfalme wa zamani ndiyo inayowafichua. Kwa muumini hiyo ni ishara ya Mungu, haifai kuwekwa kundi moja na mashine za kubuni. Lakini anayetaka kutunga atazame namna mambo yanavyopangwa: hakuna aliyerudi nyuma, hakuna kilichobadilishwa, na kitu kidogo cha mkononi kinasema ukweli wote kuhusu tarehe. Tutairudia sarafu hiyo.

H. G. Wells alipochapisha riwaya yake ya mashine ya wakati mwaka 1895, naye alimpeleka msafiri wake mbele, hadi mwaka 802,701. Miaka kumi baadaye Albert Einstein alionyesha kwamba saa inayokwenda kasi huhesabu polepole kuliko iliyotulia, na baadaye akaongeza kwamba uvutano nao huipunguza saa kasi. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria, na zikatofautiana na zile zilizobaki chini kwa sehemu za bilioni za sekunde, kama ilivyotarajiwa. Jambo hili liko hata mfukoni mwako. Saa za satelaiti za GPS hupoteza mikrosekunde 7 hivi kila siku kwa sababu ya kasi, na kupata 45 kwa sababu uvutano huko juu ni mdogo. Jumla zinatangulia kwa 38. Wahandisi wasingelirekebisha hilo, makosa ya ramani yangeongezeka kwa kilomita 10 hivi kwa siku: ungeita boda Wandegeya, ikakutafuta upande wa Kireka. Mwanaanga Sergei Krikalev, aliyekaa angani jumla ya siku 803, ametangulia mbele yetu tuliobaki chini kwa takriban sehemu mbili za mia za sekunde.

Kwa hiyo anayesema sayansi imethibitisha safari ya wakati amesema nusu. Ya mbele ipo, ndogo mno. Ya nyuma haijawahi kuonekana. Kurt Gödel alionyesha mwaka 1949 kwamba hesabu za Einstein zinaweza kuiruhusu katika ulimwengu unaozunguka kwa namna fulani, lakini hakuna dalili kwamba ulimwengu wetu uko hivyo. Stephen Hawking aliandaa karamu ya wasafiri wa wakati tarehe 28 Juni 2009 na kuitangaza baada ya siku hiyo kupita, ili aje tu anayeweza kurudi nyuma. Hakuja mtu.

Nyuma ndiko kwenye kazi

Mfano maarufu ni wa babu. Mtu anarudi nyuma, anamuua babu yake kabla hajaoa. Basi baba hazaliwi, na muuaji mwenyewe hazaliwi. Kama hakuzaliwa, nani alimuua babu? Kila hadithi ya kurudi nyuma inapaswa kuwa na jibu la swali hili hata kama hakuna babu anayeguswa, na majibu yaliyopo ni matatu tu. Chukua daftari la madeni la mama mwenye duka. Kama ameandika kwa wino, deni lililoandikwa limeandikwa. Kama ameandika kwa penseli, mtu anaweza kulifuta na kuandika jingine. Na kama mtu amepiga fotokopi ya ukurasa na kuandika juu ya nakala, ukurasa wa kwanza umebaki ulivyokuwa. Wino, penseli, fotokopi: ukishajua hadithi iko wapi, ubishi mwingi unakwisha.

Kanuni ya wino inasema yaliyopita hayabadiliki, na msafiri akifika huko, alikuwako tangu mwanzo. Mfano safi kabisa katika vitabu vya vijana umo katika kitabu cha tatu cha Harry Potter, cha mwaka 1999. Hermione na Harry wanarudi nyuma saa tatu kwa kifaa kinachozungushwa mara tatu. Kabla ya hapo, wakitoka kwenye kibanda cha Hagrid, walisikia kishindo cha shoka wakaamini mnyama Buckbeak amechinjwa. Mara ya pili, wakiwa mafichoni, wanaona kilichotokea: mnyama alikuwa ameshaondolewa, na mwenye shoka alilipiga kwenye uzio kwa hasira. Kishindo ni kilekile. Hakuna kilichobadilishwa hata nukta moja. Kilichobadilika ni tulichodhani tumekijua. Vilevile Harry alimwona mtu ng'ambo ya ziwa akimwokoa kwa kinga ya kichawi, akaamini ni marehemu baba yake. Alikuwa yeye mwenyewe.

Angalia kazi ilivyofanywa, maana hapo ndipo watunzi wachanga hukosea. Malalamiko ya kawaida dhidi ya wino ni kwamba hakuna hatari: kama yameandikwa, ya nini kuhangaika? Mwandishi anatatua hilo kwa kutowaonyesha wahusika matokeo. Amewapa sauti bila picha. Ukiandika kwa wino, tukio la mara ya kwanza lisionekane kwa ukamilifu: mlango umefungwa, moshi umetanda, ni usiku, shahidi ni mmoja na ana woga. Ukimwacha mhusika aone maiti waziwazi mchana, umejifungia njia, na njia pekee ya kumwokoa aliyekufa itakuwa kuvunja kanuni yako mwenyewe. Mwanafizikia Mrusi Igor Novikov alitetea wazo la namna hii miaka ya 1980: kama kurudi nyuma kungewezekana, yangetokea yale tu yanayopatana na yaliyokwisha kutokea.

Kanuni ya penseli inaruhusu kufuta. Filamu ya Back to the Future ya mwaka 1985 ndiyo iliyoieneza kuliko kazi nyingine yoyote: Marty, kijana wa miaka 17, anaangukia mwaka 1955, anawazuia wazazi wake wasipendane, na picha aliyobeba ya yeye na ndugu zake inaanza kufifia. Kanuni hii ina mvuto mkubwa kwa vijana kwa sababu kila kosa lina gharama. Lakini ndiyo ngumu kuliko zote kuiandika vizuri. Mwandishi lazima ajibu kabla ya kuanza: je, msafiri anaikumbuka dunia iliyofutwa? Kufutwa kunamfikia mara moja au polepole? Picha inayofifia kidogo kidogo inasisimua, lakini ukiitafakari haina maelezo. Ndugu ama alizaliwa ama hakuzaliwa. Hakuna kuzaliwa nusu. Mwishoni Marty anarudi kwa wazazi waliobadilika, wenye furaha na ujasiri. Yeye anakumbuka wazazi wengine. Wao wanamkumbuka mtoto mwingine, aliyelelewa katika nyumba ile mpya kwa miaka 17. Yule mtoto yuko wapi? Filamu inapita haraka. Riwaya ya kijana anayesoma usiku akirudia ukurasa haiwezi kupita hivyo, na mwandishi shupavu angelifanya swali hilo kuwa kitabu kizima.

Hapa kuna dhana nyingine iliyoenea: kwamba ukikanyaga mdudu zamani, lazima kila kitu kigeuke. Ray Bradbury aliandika hadithi fupi mwaka 1952 ambamo kipepeo mmoja aliyekanyagwa enzi za dainosari anabadili ulimwengu wa baadaye. Miaka 20 baadaye mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alitoa hotuba akiuliza kama kupiga mbawa kwa kipepeo Brazili kunaweza kuanzisha kimbunga Texas. Lorenz alizungumzia ugumu wa kutabiri hali ya hewa. Hakusema kila tendo dogo huzaa tendo kubwa. Mwandishi wa penseli anaweza kuamua mabadiliko madogo yafifie na makubwa yabaki. Anachodaiwa ni kuamua mapema na asigeuke.

Kanuni ya fotokopi inasema ukibadili kitu zamani unaanzisha dunia ya pili, na ile uliyotoka inaendelea kama ilivyokuwa. Wazo la dunia nyingi lilipata umbo la kisayansi kwa Hugh Everett mwaka 1957, ingawa yeye alikuwa akishughulikia chembe ndogo mno, wala hakuwa na habari na wasafiri. Filamu ya Avengers: Endgame ya mwaka 2019 inasimama upande huu, na ndiyo maana wahusika wake wanasema wazi kwamba kubadili yaliyopita hakubadili walikotoka. Kitendawili cha babu kinakwisha papo hapo: babu aliyeuawa ni wa nakala. Ila kuna bei. Ukimwokoa rafiki yako, umemwokoa kwenye nakala. Ukirudi nyumbani, kaburi lake lipo palepale. Waandishi wengi huisahau bei hii, wanamrudisha shujaa nyumbani akute rafiki yuko hai, na msomaji makini anafunga kitabu.

Mchanganyiko huo hutokea hata kwa majina makubwa. Tamthilia ya Harry Potter ya mwaka 2016 inawarudisha vijana wawili nyuma ili Cedric Diggory, mwanafunzi aliyeuawa zamani, asife, na wanaporudi wanakuta ndoa zilizofutika, kisha nchi nzima iliyotawaliwa na mchawi mwovu Voldemort. Hiyo ni penseli, katika ulimwengu ambao mwaka 1999 ulikuwa wa wino. Kukasirika kwa wasomaji wengi kulikuwa na haki. Walikuwa wamejifunza sheria moja, wakahukumiwa kwa nyingine.

Kwa nini vijana hasa

Swali hili halipati nafasi ya kutosha, nami naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Kijana wa miaka 15 anaishi ndani ya maamuzi ambayo hakuyafanya. Walihama kijiji kabla hajazaliwa, shamba liliuzwa, baba na mjomba hawasemezani na hakuna anayemweleza sababu. Safari ya wakati inampa kitu ambacho hakuna mtoto anayekipata: kukutana na mama yake akiwa na umri uleule, kabla hajawa mama wa mtu, akiwa na woga na ndoto zake. Ndiyo maana kanuni anayoichagua mwandishi haiwi ya ufundi peke yake. Kwa wino, kijana hawezi kurekebisha chochote, kwa hiyo kukua kwake kunakuwa kuelewa. Kwa penseli, anaweza, na kukua kunakuwa kubeba lawama. Kwa fotokopi, anajifunza kwamba alichokipoteza hakirudi hata kama kuna mahali kilisalimika. Ukitaka kuandika juu ya msiba, fotokopi inakufaa. Ukitaka kuandika juu ya familia inayoficha siri, andika kwa wino. Penseli iache kwa hadithi ambayo kijana mwenyewe ana kosa la kujibu.

Wala huhitaji mashine. Octavia Butler, katika riwaya yake ya mwaka 1979 ambayo vijana wakubwa huisoma sana, anamtoa Dana, mwanamke Mweusi wa California, mwaka 1976, na kumpeleka kwenye mashamba ya watumwa ya Maryland ya karne ya 19. Haelezi kamwe kinachomvuta. Lakini sheria ya safari iko wazi: anavutwa kila mara Rufus, mwana wa mwenye watumwa na babu wa mbali wa Dana, anapokaribia kufa, na anarudishwa pale Dana mwenyewe anapoamini atakufa. Msomaji anaisamehe hadithi isiyo na mashine. Hadithi isiyo na sheria haisamehewi.

Wapo wazazi na walimu wanaohofu kwamba riwaya hizi zinafundisha uchawi. Hofu hiyo isidharauliwe, maana inatoka kwenye kumjali mtoto. Jibu ni kuisoma riwaya yenyewe: kifaa cha safari huwa kurasa chache, na zilizobaki ni za mtoto anayepima tendo na matokeo yake. Mzazi anayetaka kujua aanze na sura ya kwanza na ya mwisho, kisha amuulize mtoto ni nini kilichobadilika kati yake.

Tuitunge moja, Jinja

Chukua Nangobi, msichana wa kubuni wa miaka 15, wa Jinja. Jumamosi tarehe 27 Aprili 2024 anarudi hadi Jumatatu tarehe 26 Aprili 1954, siku tatu kabla Malkia Elizabeth wa Pili hajafungua bwawa la Owen Falls. Jajja yake, yaani bibi yake, alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo ana miaka 14 na anaishi palepale mjini. Kanuni ni wino.

Kazi ya kwanza ni jedwali la safu mbili. Kushoto andika tarehe ya kalenda, kulia andika umri wa mwili wa Nangobi kwa siku na saa tangu alipoondoka. Anafika tarehe 26 Aprili 1954: siku 0. Anaondoka tarehe 30: siku 4. Anarudi tarehe 27 Aprili 2024, dakika ileile aliyoondoka: kalenda imesimama, mwili una siku 4 zaidi. Safu ya kulia hairudi nyuma hata siku moja, na makosa mengi ya hadithi hizi yanatokana na kuisahau. Amelala mara ngapi? Amekula nini? Kidonda alichokipata siku ya 2 kimefikia wapi siku ya 4? Mama yake, aliyemwona dakika moja iliyopita, atashangaa nywele zilizokuwa zimesukwa asubuhi zimefumuka vipi. Andika pia saa kwa namna moja tu ndani ya jedwali. Simu ya Nangobi ikisoma 08:00, jajja anasema saa mbili asubuhi, na mtunzi anayechanganya hesabu hizi mbili anakosea kwa saa sita nzima. Mhusika anafika sherehe ikiwa imekwisha.

Kazi ya pili ni ardhi. Watu huuliza, kwa kuwa dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, je, msafiri hatajikuta angani pasipo na kitu? Swali zuri, na jibu lake ni fupi: hakuna sehemu iliyosimama kabisa ya kupimia, hivyo hadithi ina haki ya kumfunga msafiri kwenye ardhi. Shida halisi iko karibu zaidi. Kama Nangobi anaondoka akiwa katikati ya daraja jipya la Nile, lile la nyaya lenye urefu wa mita 525 lililofunguliwa Oktoba 2018, mwaka 1954 chini ya miguu yake hakuna daraja. Ataanguka mtoni. Mpe mahali palipokuwapo wakati wote wawili. Daraja la reli, lililojengwa mwaka 1931, lipo. Mtunzi wa Kampala awe na hadhari hiyohiyo, kwa sababu sehemu nyingi za mabondeni, Bwaise zikiwemo, zilikuwa vinamasi vya mafunjo. Na kumbuka sauti: maporomoko ya Ripon yalimezwa na maji bwawa lilipokamilika. Ukimpeleka msichana miaka miwili nyuma zaidi atayasikia yakivuma. Tarehe hii amechelewa.

Kisha fedha, ile sarafu ya vijana wa pangoni. Benki Kuu ya Uganda ilianzishwa mwaka 1966, kwa hiyo noti zake ni makaratasi tu mwaka 1954. Zinazotumika ni shilingi za Afrika Mashariki, zenye simba upande mmoja, na senti zenye tundu katikati. Nangobi hawezi kununua hata ndizi. Mwandishi asimwokoe kwa mgeni mwema anayetoa hela bila sababu, ampe kazi. Kuna maji ya kuchotwa, kuna ua wa kufagia, na kuna maduka ya Wahindi yanayohitaji mtu wa kubeba mizigo. Suruali ya jinzi itamvutia macho siku ya kwanza, kwa hiyo gomesi au gauni la kuazima ni jambo la sura ya pili, lisingoje sura ya sita. Kiswahili chake cha darasani kitamfaa kwa wafanyakazi wa reli na viwandani kuliko Kiingereza.

Siasa nayo isiachwe. Aprili 1954 Kabaka Mutesa wa Pili, mfalme wa Buganda, yuko uhamishoni Uingereza tangu Novemba 1953, na harudi mpaka Oktoba 1955. Mji unapambwa kumpokea malkia huku Waganda wakiwa na uchungu wa kunyang'anywa mfalme wao. Mtunzi anayeonyesha bendera na shangwe tupu ameandika picha ya gazeti la serikali ya kikoloni. Anayemweka Nangobi mlangoni mwa nyumba mbili, moja ikipiga pasi nguo za sherehe na nyingine imefunga madirisha, ameandika mwaka 1954.

Jambo linalosahauliwa karibu na kila mtu ni magonjwa. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na chanjo yake ikaachwa. Nangobi, aliyezaliwa mwaka 2009, hakuchanjwa. Mwaka 1954 ndui bado ipo, na mwenye kinga nyumbani ni jajja. Nangobi naye anaweza kuwa amebeba mafua ya mwaka 2024 ambayo miili ya Jinja ya zamani haijawahi kuyaona. Hapa una sura nzima ya woga bila kubuni adui.

Kinachoendelea kuzunguka

Kitendawili cha mwisho ni cha vitu visivyo na chanzo. Nangobi anamwimbia jajja wimbo aliofundishwa na jajja uzeeni. Jajja anaujifunza, na miaka 60 baadaye anamfundisha Nangobi. Nani aliutunga? Hakuna. Inashtua, lakini chini ya kanuni ya wino hakuna kinachopingana, na wimbo hauchakai. Usifanye hivyo kwa kitu cha kushikika. Saa ya mkononi ikizunguka vilevile, kila mzunguko inazeeka miaka 70, na saa iliyozeeka haiwezi kuwa ileile iliyotolewa mwanzoni. Habari zinaweza kuzunguka. Vitu lazima vianzie mahali.

Noti ya Nangobi ni salama, kwa kuwa ina mwanzo: ilichapishwa, ikafika mfukoni mwake, akaiacha mwaka 1954, jajja akaitunza kwenye kopo. Lakini pima matokeo yake. Kuanzia siku noti mpya ilipotoka benki hadi tarehe 27 Aprili 2024, noti hiyo iko mara mbili duniani: moja mbichi kwenye pochi ya Nangobi, nyingine iliyofifia kwenye kopo la jajja, na zote zina namba ileile. Hiyo ni zawadi kubwa kwa mtunzi. Katika sura ya kwanza, kabla hajaondoka, Nangobi aone noti kuukuu, asome mwaka uliochapishwa, ashangae imezeeka vipi kiasi hicho, kisha mtu amwite. Namba asiisome. Aisome katika sura ya mwisho.

Rasimu ikikamilika, orodhesha kila alichobeba msafiri, pembeni uandike kama kilirudi, kilibaki au kiliharibika, na kwa kila kilichobaki uandike kiko wapi leo. Simu yake itazima siku ya pili bila chaji. Kama aliiangusha mtoni, sema. Viatu vya shule, kalamu, kitambulisho chenye picha, rangi ya kucha. Kisha chukua jedwali na usome rasimu kwa safu ya kulia peke yake, kuanzia siku 0, ukiruka sura zote ambazo Nangobi hayumo. Penye pengo la saa zaidi ya kumi na mbili pasipo usingizi wala chakula, rudi ukaandike.